Okonkwo, madesa na ubishi wa bwenini

Jumapili iliyopita binti wa mama mdogo kanitumia ujumbe. Yuko kidato cha nne, mtihani unapiga hodi. "Shikamoo kaka. Naomba unitafutie desa la Things Fall Apart, lenye maswali na majibu." Nikacheka peke yangu kwenye daladala. Kisha nikaacha kucheka, maana nilijiona mimi mwenyewe miaka ile.

Kwa waliosahau (mmesahau kweli, au mnajifanya?), desa ni ile karatasi iliyotolewa fotokopi mpaka maandishi yamefifia. Dhamira zimo, wahusika wamo, ujumbe umo, kila kitu kimeshatafunwa. Kazi yako ni kumeza, na siku ya mtihani kutapika. Siku hizi hata fotokopi haihitajiki. Unaiuliza programu kwenye simu, insha inashuka nzima kwa Kiingereza kilichonyooka. Ni desa lile lile tu, limevaa suti.

Basi bwana, enzi zetu tulipewa swali: Okonkwo alijiletea maangamizi mwenyewe, jadili. Nikashusha kurasa nne. Nilianza na maana ya fasihi. Nikaja kwa Chinua Achebe, kuzaliwa kwake Nigeria mwaka 1930, na kitabu kutoka mwaka 1958. Halafu nikasimulia hadithi yote, tangu mieleka ya ujana wa Okonkwo mpaka kujinyonga kwake. Nikafunga kwa kusema riwaya hii inafaa sana kwa jamii ya leo. Nikajua kisu kimegusa mfupa.

Nikapata 8 kati ya 20. Chini, kwa wino mwekundu: "Hadithi naijua. Wewe unasemaje?"

Nilikasirika, nikamfuata mwalimu ofisini. Hakuigusa karatasi yangu. Akauliza, "Juzi usiku nilikuwa wa zamu. Bwenini kwenu mlikuwa mnapiga kelele za nini?"

Nikajua soo limefika. Nikamwambia ukweli: tulikuwa tunabishana kuhusu Okonkwo. Mshkaji wangu alishikilia kwamba Okonkwo ni shujaa, maana alikataa kumpigia Mzungu magoti wakati wenzake wamenywea. Mimi nikasimama juu ya kitanda nikasema jamaa ni mwoga. Mwoga wa nini? Wa kufanana na baba yake! Mzee Unoka, mpiga filimbi, alikufa na madeni bila cheo chochote, na mwanawe akaishi maisha yake yote akimkimbia marehemu.

Mwalimu akaniambia, "Ile ndiyo insha. Umeiacha bwenini, ukaniletea maneno ya watu."

Jamani, sentensi ile bado ninayo.

Nimejiuliza sana kwa nini sikuandika nilichokisema. Jibu langu ni lugha. Kwa Kiswahili nilikuwa wakili. Nikishika kalamu niandike Kiingereza, nageuka kasuku. Desa lilinipa sentensi salama, zisizo na makosa ya sarufi, na zisizo na mimi ndani yake. Mwalimu akanipa dawa moja: andika kwanza msimamo wako kwa Kiswahili, sentensi moja, kisha uutetee kwa Kiingereza chako hicho hicho. Sentensi fupi iliyo yako ni bora kuliko ndefu ya kuazima.

Kwa hiyo desa sikumtumia mdogo wangu. Nilimpigia, tukaongea hivi.

Nikamwambia, tafuta kwanza kauli ambayo mtu anaweza kuibishia. Ukisema Okonkwo ni mhusika mkuu, nani atabisha? Ukisema kilichomwangamiza ni hofu ya kuonekana kama baba yake, hapo umechokoza nyuki. Sasa itetee.

Pili, usisimulie kitabu. Watu wanaobishana kuhusu Simba na Yanga hawasimulii dakika zote 90. Wanachukua penalti moja na kuing'ang'ania. Na wewe chagua tukio. Chukua kifo cha Ikemefuna. Mzee Ezeudu alikuwa amemwonya Okonkwo asishiriki kumwua mtoto aliyekuwa akimwita baba. Akaenda. Kijana alipomkimbilia, akainua panga mwenyewe, akiogopa kuonekana dhaifu.

Tatu, hapo ndipo wengi tunachemsha: tunataja tukio na kupita. Jiulize, kwa hiyo? Kwa hiyo mtu asiyeogopa vita ameshindwa na macho ya wenzake. Na baadaye siku mbili nzima hakuweza kula. Mkono ulitii hofu, mwili ukakataa. Achebe anatuonyesha kwamba upendo ulikuwepo, ila hofu ilikuwa na nguvu zaidi. Tena rafiki yake Obierika alibaki nyumbani siku ile, na bado aliheshimika. Njia nyingine ilikuwepo.

Nne, mkaribishe mpinzani wako ndani ya insha. Mshkaji wangu wa bwenini angeuliza: na ile bunduki iliyolipuka mazishini, ikamwua mtoto wa Ezeudu na kumpeleka Okonkwo uhamishoni Mbanta miaka saba, nayo ni uoga? Hapana, ile ni ajali. Na ujio wa Wazungu? Nao haukuletwa na Okonkwo. Basi punguza dai lako. Sema hofu haikuleta kila balaa, lakini ilimnyima namna ya kuyapokea. Kupunguza si kushindwa. Msomaji anamwamini zaidi anayekubali kilicho kweli upande wa pili.

Akanyamaza kidogo. "Kaka, na nikikosea je?"

Swali lile lilinigusa. Siwezi kumwapia alama. Nilichoweza kumwambia ni yaliyonikuta kazini. Habari yangu ya kwanza niliinakili kutoka kwenye taarifa tuliyogawiwa mkutanoni, neno kwa neno. Mhariri akaisoma, akaniuliza, "Wewe uliona nini?" Nilidhani nimeshatoka ofisini kwa yule mwalimu, kumbe bado nimesimama pale pale. Desa linaweza kukuvusha chumba cha mtihani, lakini siku moja mtu atakuuliza wewe unasemaje, na desa halitakuwepo.

Usiku akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Amenipinga! Anasema Okonkwo hakuwa mwoga, alikuwa mtu anayependa asiyejua kulisema, na ushahidi wake ni pale Ezinma alipougua, jinsi baba mtu alivyohangaika kuchemsha dawa.

Nimemjibu kwa mstari mmoja: usifute, andika hivyo hivyo.