Nilisema, Sikusema: Kanda za Zamani na Deni la Neno

Ahadi ni deni. Wahenga walituachia maneno matatu tu, lakini yanatosha kuipima siasa nzima. Deni huhitaji mdai, mdaiwa na ushahidi. Mdai yupo: ni mimi na wewe tuliosimama juani kusikiliza hotuba. Mdaiwa yupo pia, na kila baada ya miaka mitano hurudi akiwa amebadilisha kofia. Kilichokuwa kikitupiga chenga ni ushahidi. Kwa muda mrefu ushahidi wa neno ulikuwa sikio la aliyekuwepo, na sikio ni shahidi anayezeeka. Ukimwambia mheshimiwa, "Ulisema," hukujibu, "Sikusema," au kwa lugha ya adabu zaidi, "Nilinukuliwa visivyo," na shauri likaishia hapo.

Leo shahidi amepata mwenzake asiyezeeka. Kanda za vituo vya televisheni, rekodi za bungeni na video zilizochukuliwa kwa simu katika mikutano ya vijijini zinahifadhi sauti, uso, mkono ulioinuliwa na shangwe iliyofuata. Mtu akigeuza kauli, kipande cha mwaka ule huchomolewa kikawekwa ubavuni mwa kipande cha leo, naye akashindana na nafsi yake mbele ya macho yetu. Ninaipenda kazi hiyo. Hata hivyo, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mtunzi wa mashairi, ninaamini kuwa kanda peke yake haitoshi. Kanda hutunza maneno. Kuyasoma ni kazi ya mwenye lugha, na asiyejua kuyasoma anaweza kumwachia mwenye deni au kumfunga asiyedaiwa.

Sisi watu wa tungo si wageni katika uhifadhi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambayo baadhi yake ni silaha za siasa dhidi ya wapinzani wa mji wake, yalitufikia miongo mingi baada ya kifo chake kwa sababu watu waliyabeba vichwani. Aliyeyakusanya na kuyafafanua kwa kiasi kikubwa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akishirikiana na Mwingereza William Taylor. Jina lake lilikuwa Sikujua, naye ndiye aliyejua kuliko wengi! Jambo ninalolisisitiza ni hili: hakuhifadhi beti tu. Alihifadhi pia maelezo ya nani aliambiwa nini, na kwa tukio gani. Bila maelezo hayo, nyingi za tungo zile zingekuwa mafumbo matupu kwetu.

Sasa tuzitazame kanda zenyewe. Kwa maoni yangu, maneno ya mwanasiasa huja katika makundi matatu, na kila kundi lina namna yake ya kuzeeka: taarifa, rai na ahadi.

Taarifa ndiyo nyepesi kuihukumu. Tarehe 9 Desemba 2001, Dick Cheney, Makamu wa Rais wa Marekani wakati huo, alisema katika kipindi cha Meet the Press kwamba ilikuwa imethibitishwa vya kutosha kuwa Mohamed Atta, mmoja wa watekaji ndege wa Septemba 11, alikwenda Prague na kukutana na afisa wa ujasusi wa Iraki. Mwezi Juni 2004, mtangazaji wa CNBC alipomrudishia maneno hayo, alikana katakata kuwahi kuyatamka. Kipindi cha dhihaka cha The Daily Show, kilichoongozwa na Jon Stewart, kikaonyesha vipande vyote viwili, kimoja baada ya kingine. Hapo hapahitajiki mfasiri. Alisema, kisha akasema hakusema. Si suala la mizaha pia, kwa kuwa katikati ya kauli hizo mbili kulipiganwa vita, na Tume ya Septemba 11 ilihitimisha kuwa ushahidi uliokuwepo hauungi mkono habari ya mkutano ule wa Prague.

Rai ni ngumu zaidi. Mwaka 2010 William Ruto alikuwa miongoni mwa vinara wa kambi ya La, kambi ya rangi nyekundu, iliyopinga katiba mpya ya Kenya. Ardhi, uavyaji mimba na mahakama za kadhi ni baadhi ya mambo yaliyozua mabishano. Kura ya Agosti 4 mwaka huo iliipa kambi ya Ndiyo, ya kijani, takriban thuluthi mbili. Miaka kumi baadaye Ruto alikuwa upande wa wanaopinga mpango wa kuirekebisha katiba ile ile, na Septemba 13, 2022 aliapa kuilinda akiwa Rais. Wapinzani wake hupenda kurusha video za mwaka 2010 na kucheka. Mimi sicheki haraka. Raia aliyeshindwa katika kura, akakubali uamuzi wa wengi na kuishi chini ya sheria yao, hakutenda kosa. Twamtaka mtu abadilike akionyeshwa hoja. Swali la haki si "Mbona ulisema vile?" bali "Nini kilikubadilisha?" Akijibu kwa hoja, rai yake imekomaa. Akikosa jibu, tutajua kuwa si fikra iliyosogea, ni upepo.

Jirani yetu Uganda ana mfano mkali zaidi. Mwaka 2012 Rais Yoweri Museveni aliulizwa katika mahojiano ya televisheni kama angeendelea kuongoza baada ya umri wa miaka 75, akajibu kwamba hapana, na akataja kupungua kwa nguvu za mtu baada ya umri huo. Mwishoni mwa mwaka 2017 Bunge liliondoa kikomo cha miaka 75 katika katiba, naye akatia saini. Video ile ilizunguka sana wakati wa mjadala huo. Uzito wake haukutokana na kwamba alibadili rai tu, bali na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameitolea rai ya kwanza sababu. Anayetengua neno lenye sababu anadaiwa sababu ya pili iliyo nzito kuliko ile ya kwanza.

Kisha kuna ahadi, na hapa mshairi hana budi kuvaa miwani. Wakenya wote wanakumbuka maneno yaliyoenea tangu siku za Uhuru Kenyatta na Ruto kuwa chombo kimoja: kumi yangu, kumi ya Ruto. Baada ya Uhuru kupeana mkono na Raila Odinga, Machi 9, 2018, na hatimaye kumuunga mkono Raila katika uchaguzi wa 2022, video za maneno hayo zilichezwa mikutanoni na mitandaoni kama hati ya deni. Tuisikilize hati yenyewe kwa sikio la mizani. Ina vipande viwili vinavyolingana, na neno "kumi" limerudiwa ili likae kichwani. Inaimbika. Lakini iko wapi kitenzi chake? Hakuna. Hakuna "nitampa", hakuna "nitamuunga mkono", hakuna wakati wala mtendaji. Kuna umilikaji mtupu: yangu, ya Ruto. Miaka ya kutawala, kwa mujibu wa katiba, si ya Uhuru wala ya Ruto. Ni ya mpiga kura. Alikuwa anaahidi mali iliyomo katika sanduku la mtu mwingine.

Sisemi hivyo ili kumwondolea Uhuru lawama. Aliyetamka maneno yale jukwaani na kushangiliwa anadaiwa maelezo alipoyaacha. Nasema kwamba kanda ile ilitumika kudai deni kwa niaba ya mtu mmoja, ilhali ilikuwa ushahidi wa kosa dhidi ya sisi sote, tuliogawiwa kama shamba huku tukipiga makofi. Kila upande uliicheza kanda, na sikumbuki upande uliouliza swali hilo. Mwishowe Ruto alipata muhula wake wa kwanza palipotakiwa kupatikana, yaani kwa kura.

Nimeyaona haya pia katika mambo madogo, ambayo kwangu si madogo. Kijijini kwetu, bara kidogo kutoka pwani, kina mama bado huamka kabla ya alfajiri kufuata maji. Mgombea mmoja, ambaye baadaye alishinda kiti, alitoa hotuba chini ya mwembe wa shule, na kijana mmoja akairekodi yote kwa simu, dakika tisa. Muda ulipopita bila bomba wala tone, vijana walikata sekunde chache na kuniletea niandike maneno chini ya picha: "Maji yataletwa hapa kabla ya masika."

Niliomba kuona dakika zote tisa. Kabla ya sentensi ile, mheshimiwa alikuwa amesema, "Bajeti ikipita." Nikawaambia kuwa sitaandika chochote bila maneno hayo mawili. Mkubwa wao alikasirika. "Mwalimu, sentensi ya nyuma inamfungua, ya mbele inamfunga. Wewe uko upande gani?" Nilimjibu kuwa niko upande wa mama yake anayebeba ndoo, na kwamba ushahidi uliokatwa humpa mshtakiwa mlango wa kutokea: atasema mmemkata, na atakuwa anasema kweli. Tulibishana hadi magharibi.

Kulikuwa na jambo jingine nililowaonyesha. "Yataletwa" ni kauli ya kutendwa. Yataletwa na nani? Mtendaji hayumo. Sikilizeni hotuba zetu: jambo litashughulikiwa, barabara itajengwa, waliohusika watachukuliwa hatua. Kauli ya kutendwa ni kichaka kizuri cha kujificha, na aliyeitumia ana nafasi ya kusema baadaye, bila kudanganya hata kidogo, kwamba hakusema yeye ndiye angeleta.

Siku ya baraza, video ndefu ndiyo iliyoonyeshwa, sharti likiwemo. Mheshimiwa alitazama kimya. Hakuweza kusema amekatwa. Bi mmoja mzee, asiyejua kusoma lakini mwenye sikio kuliko sote, akasimama na kuuliza, "Mwanangu, hiyo bajeti ilipita au haikupita?" Akakiri kuwa ilipita. "Basi nani alikuwa alete?" Palipita kimya kirefu, kisha akasema, "Mimi, mama. Nitaleta." Kijana wa simu alikuwa anarekodi. Maji hayajafika ninapoandika haya, wala sitajifanya kuwa kanda huchimba kisima. Ila sasa tunayo sentensi yenye mtendaji, na kwa mtu anayedai, tofauti ya "yataletwa" na "nitaleta" si ya sarufi tu.

Ndiyo maana ninawasihi malenga wenzangu na wapenzi wote wa lugha tusiwaachie kazi hii wakataji wa video pekee. Ukihifadhi kipande, andika pamoja nacho tarehe, mahali, swali lililoulizwa, sentensi iliyotangulia na iliyofuata. Hifadhi nakala nzima, hasa zama hizi ambapo akili unde inaweza kumtungia mtu sauti na midomo. Kipande kisichoweza kurudishwa kwenye kanda yake mama hakifai kuitwa shahidi. Usimkate mpinzani wako mahali ambapo usingemkata rafiki yako. Kisha sikiliza viambishi: nafsi ni ipi, wakati ni upi, sharti liko wapi, mtendaji yuko au ametoroka? Tumefundishwa kuhesabu mizani ya ubeti. Tunashindwaje kuhesabu nafsi za vitenzi katika hotuba?

Nimejaribu kuyafunga haya katika ubeti mmoja, kama ilivyo desturi yetu hapa:

Neno likishatamkwa, halirudi mdomoni,
Picha yake ikiwekwa, hungojea kabatini,
Kiongozi akitakwa, atajibu hadharani,
Ila lisije pachikwa, maana isiyo ndani.

Mwenye kuupenda na aujibu. Mwenye kuupinga pia na aujibu, mradi aushike wote, mistari minne, asikate wa mwisho.