Si Choo Tu

Nilimwambia beshte wangu kwamba hata choo cha wageni ndani ya hifadhi kinafaa kukaguliwa kimazingira kabla kijengwe. Akacheka. "Choo? Si wachimbe tu!" Na huyu ni mtoto wa Ziwa la Ng'ombe kama mimi! Hapa kwetu ploti zimebanana, choo cha shimo kiko hapa, kisima kiko pale, na kila nyumba ina stori yake ya tumbo.

Chukua Shimba Hills, kule Kwale. Watu huendea ndovu, palahala ambao porini Kenya hii huwapati kwengine, na maporomoko ya Sheldrick, mita 21 hivi za maji yakianguka. Kitu hakipigwi picha ni chemchemi. Maji ya Marere hutoka kwenye vilima hivyo na yamekuwa yakiletwa Mombasa kwa bomba tangu enzi za mkoloni. Kwa hivyo choo kikiwekwa vibaya kule juu, shida si ya ndovu peke yao.

Sasa msinielewe vibaya, choo nakitaka. Skuli ikileta wasichana arubaini na hakuna choo, wataingia vichakani, na uchafu utabaki palepale, tena bila hata shimo.

Sheria ya mazingira ya 1999 ndiyo iliyotuletea NEMA. Mwaka 2019 miradi ikapangwa upya kwa hatari yake: ndogo, ya kati na kubwa. Ya hatari kubwa hufanyiwa utafiti kamili na kutangazwa ili watu watoe maoni. Ile midogo huandikiwa ripoti ya muhtasari. Mimi naona ni sawa, benchi halihitaji kurasa mia tatu. Lakini kidogo huwa hakiji peke yake, wallahi. Mwaka huu benchi, mwakani banda, halafu maegesho, halafu ngazi za saruji hadi majini. Kila kimoja kinapita manake ni kidogo. Nani anaketi akavijumlisha?

Ningependa ile karatasi fupi ibandikwe getini, kwa Kiswahili, tuisome tukingoja kuingia. Shimo liko umbali gani na kijito? Likijaa nani atalinyonya? Na gari lake litapita wapi msituni? Hilo la gari ndilo linaloniogopesha zaidi, manake barabara ya gari la kunyonya choo ni kubwa kuliko choo chenyewe.