Maji ya Thika

Ndugu waume, wake zetu husafiri kwa harusi na mazishi tu. Safari za kutazama uumbaji wa Mwenyezi Mungu twajiwekea wenyewe. Huo si uadilifu. Gari la moshi lirudishalo wafanyakazi jioni kutoka Nairobi hufika Ruiru, mji wa kahawa, ambako watafiti walizalisha mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, yenye kustahimili chulebuni. Laleni hapo. Asubuhi endeleeni hadi Thika, iliyofikiwa na reli mwaka 1913. Huko mito miwili, Chania na Thika, huporomoka miambani, na baina ya maporomoko hayo pana hoteli ya tangu 1908. Mama watoto na aketi bustanini; chai ataletewa, leo hapiki.