Mlingoti wa Taa Uwanjani mwa Madrasa



Wazazi na ndugu zetu wapenzi, wengi wenu mmetuuliza yaliyotokea uwanjani mwa madrasa usiku wa kuamkia hafla ya zawadi, kwani habari imeshazunguka mitaani na kila mtaa umeitia chumvi yake. Tutaeleza kama yalivyokuwa, na lawama tunaanza kujitwika sisi wenyewe.

Nia yetu ilikuwa akina mama wanaoketi nyuma waone picha na majina ya watoto wao ukutani. Miaka yote projekta huwekwa juu ya meza, na kila anayeinuka kumpeleka mtoto msalani hupitisha kivuli chake katikati ya picha. Mwaka huu tukakodi stendi ya winchi. Ni nguzo ya chuma ya vipande vilivyoingiana kama eriali ya redio, yenye miguu mitatu chini na mkono wa kuzungushia. Ukizungusha, waya wa chuma huvuta vipande vya ndani vikapanda. Mwenye stendi alitaka aje na fundi wake, na fundi ana ujira wake. Tukamwambia hapana haja. Kuzungusha mkono wa chuma kwahitaji elimu gani?

Juu yake tukafunga projekta ya kuazima, na taa mbili, zote upande mmoja kwa kuwa upande huo ndio uliokuwa na giza. Stendi ikatuonekea tupu, basi tukaitundikia bango la kitambaa lenye jina la madrasa. Mguu mmoja ulizuiwa na viti, tukauacha umekunjika nusu. Kisha tukaipandisha mpaka ikakataa kupanda tena. Watoto walikuwa wameketi mkekani chini yake wakirudia sura watakazozisoma kesho yake, nasi tukasimama pembeni tukiitazama kazi yetu kwa ridhaa.

Ikaadhiniwa Isha. Watoto wakainuka kwenda kutawadha. Hata wa mwisho hajafika birikani, kusi likavuma kutoka baharini, bango likajaa, na stendi ikalala yote kwa mkupuo mmoja. Projekta ilipiga katikati ya mkeka. Taa moja ikavunjika vipande, na vigae vyake tuliviokota mpaka saa nne.

Majirani walikuja kutufariji, wakasema ni kadari, na tumshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Tulishukuru. Hilo neno la kadari nalo tulilipokea upesi, kwani lilitupumzisha. Asubuhi akaja mama mmoja, akatuuliza, "Sheikh, mwanangu alikuwa ameketi wapi?" Tukamwonyesha. Akautazama mkeka pale ulipopasuka, akajifunga buibui lake vizuri, akaondoka bila ya kutujibu. Sisi ndio tunaowasomesha watoto hao kila mwaka kisa cha yule bedui na ngamia wake asiyefungwa.

Aliyetufumbua macho ni mzee wetu mmoja, nahodha wa zamani, ambaye hajapata kugusa projekta maishani mwake. Aliizunguka ile stendi mara moja, akaigonga kwa bakora. "Mwanangu," akasema, "mmetweka tanga, na farumi hamkutia." Hakuwa na haja ya kuongeza. Mtu wa pwani anajua kwamba mlingoti hausimami kwa sababu ni wa chuma. Unasimama kwa uzito ulio chini na kwa kupunguza kinachoshika upepo juu. Na upepo ukizidi kasi mara mbili, nguvu yake juu ya kitambaa huwa mara nne. Bango letu lilikuwa tanga, nasi hatukuwa na hata jiwe moja miguuni.

Tukaahirisha hafla kwa wiki moja, tukamwita fundi, tukamlipa. Tulijifunza kwake mambo ambayo tungeweza kuyauliza siku ya kwanza. Kibandiko cha stendi hutaja uzito unaoruhusiwa, lakini hesabu hiyo ni ya mzigo uliokaa sawasawa juu ya nguzo. Ukiutoa nje kwa mkono wa nusu mita, huo si mzigo tena, ni wenzo unaoing'oa stendi. Kwa hiyo taa moja ilihamia upande wa pili, na projekta ikakaa katikati. Miguu ilifunguliwa yote, viti vikasogezwa, na nguzo ikapimwa kwa pimamaji, maana uwanja wetu tunaoudhani tambarare una mteremko kuelekea mfereji. Kila mguu ukalaliwa na magunia mawili ya mchanga.

Vitu vyote hufungwa stendi ikiwa chini, ndipo ipandishwe. Kila kipande kikifika kimo chake, pini yake hutiwa, ili uzito usining'inie kwenye waya wa winchi peke yake. Kila taa, na projekta pia, ilipata waya wa pili wa chuma, mfupi, uliozungushwa kwenye chuma cha stendi: kishikizo kikilegea, taa ishuke shubiri moja tu, isifike kichwani mwa mtoto. Nyaya za umeme ziliachiwa urefu wa kutosha, zikashushwa sambamba na nguzo na kufungwa chini kabisa, ili anayejikwaa asiivute stendi kutoka juu. Bango tulilipigilia ukutani.

Jambo lililotuona haya zaidi ni la urefu. Fundi alituuliza kwa nini tuliipandisha mpaka mwisho. Hatukuwa na jibu. Picha ilihitaji kupita juu ya vichwa vya watu waliosimama, basi. Mita mbili na nusu zilitosha.

Usiku wa hafla, kamba ilizungushwa kuizunguka stendi, umbali ulio sawa na kimo chake, na kijana mmoja akapewa kazi ya kuutazama upepo tu, na ruhusa ya kuishusha bila ya kumngoja sheikh amalize hotuba. Mtoto mmoja aliuliza, "Maalim, mbona pale katikati hatukai?" Yule mama alikuja. Aliketi mstari wa nyuma, na jina la mwanawe lilipotokea ukutani alipiga kigelegele kama wenzake.

Projekta ya watu tunailipa kidogo kidogo, kwa mfuko wetu, si wa madrasa. Magunia sita ya mchanga na pimamaji tumeviweka stoo. Mwenye harusi au hitima anayekodi stendi kama hiyo, na apite baada ya Alasiri avichukue. Tunachoomba ni virudishwe kabla ya Ijumaa.