Sweta la Kurithi na Neno la Kijapani

Simama Dagoretti Corner jioni utazame magari yanayotoka mjini. Mengi yametoka Japani, yakiwa yametumika. Hata Barabara ya Ngong ilipanuliwa kwa msaada wa nchi hiyo. Gari ambalo Mjapani amelichoka, sisi hulipokea kwa shangwe, mradi halijazidi miaka minane.

Lakini Wajapani hawakuzaliwa matajiri. Mwaka 1945 sehemu kubwa ya Tokyo ilikuwa majivu, na watu walivaa viraka. Miaka ya 1950, ndoto ya kila familia ilikuwa vitu vitatu: televisheni, friji na mashine ya kufulia. Mwaka 1964 wakaandaa Olimpiki na kuzindua treni ya kasi. Kufikia 1968 uchumi wao ulikuwa umeupita wa Ujerumani Magharibi. Utajiri ulipoingia, viraka vilitoka. Kilichoharibika kilitupwa.

Wazee wao walikuwa na neno, mottainai, yaani masikitiko ya kuona kitu cha thamani kikipotea bure. Mtoto akiacha wali sahanini, aliambiwa hilo. Mwaka 2005 Profesa Wangari Maathai, aliyetuzwa Nobel mwaka uliotangulia, alizuru Japani, akalisikia neno hilo na kulipeleka hadi Umoja wa Mataifa. Mama wa Nyeri akawakumbusha Wajapani maneno ya nyanya zao!

Kwetu Kawangware neno hilo lilipata kazi. Kijana wetu alikataa sweta la kakake kwa kuwa wenzake shuleni walicheka kiraka cha kiwiko. Mama yake alitaka tununue jipya. Mimi nikahesabu karo na kodi ya nyumba. Sikumwambia kijana kwamba umaskini ni sifa, maana si kweli, na kicheko kile kinauma. Nilimsimulia habari za Japani, kisha tukaenda kwa fundi wa cherehani. Kijana akachagua kitambaa mwenyewe, na fundi akashona viraka viwili vinavyolingana, kimoja kila kiwiko.

Jumatatu alilivaa. Hakusema kitu, nami sikumwuliza.

Wazazi wenzangu, gari la mtumba tunalipiga picha na kulionyesha jamaa mashambani. Basi kwa nini sweta lililotumiwa na ndugu mmoja tu lituletee aibu? Haba na haba hujaza kibaba, na watoto hujifunza fahari kwa kututazama sisi.