Mtoto akinyamaza kwa lugha mbili

Ndugu wasikilizaji wa Basoko, na ninyi familia mliokimbia toka Lubunga na mpaka leo mnalala kwa watu: leo sitawaletea habari ya bei ya mafuta wala ya balenyere iliyochelewa. Ni habari ya nyumbani kwangu, na sehemu yake inanihukumu mimi mwenyewe.

Februari 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola yalipoanza katika komini ya Lubunga, mke wa mdogo wangu alifunga vitu katika kikwembe kimoja, akashika watoto wawili, akavuka mto. Mdogo wangu alibaki Kisangani kubeba magunia bandarini. Shemeji akateremka na watoto kupita Yangambi na Isangi mpaka hapa kwetu, pale Aruwimi inapoingia katika mto mkubwa. Mvulana alikuwa na miaka mitano. Dada yake alikuwa na mitatu na nusu.

Kule Lubunga, ndani ya nyumba yao ilikuwa Kiswahili. Hapa kwetu, mnajua wenyewe: Lingala sokoni, Lingala kanisani, Lingala kwa watoto wanaopiga mpira, na shuleni Kifaransa kinawangojea. Basi wote wawili wakanyamaza.

Msichana tulimtia maternele. Kwa miezi karibu mitatu hakufungua mdomo mbele ya mwalimu. Alikaa, akaangalia, akafanya kile wenzake walifanya. Mwalimu aliniita mara mbili, ananiambia huyu mtoto labda ni bubu. Mimi nilicheka, maana nyumbani yule bubu alikuwa anatukana kuku wa mama yangu kwa Kiswahili kuanzia asubuhi, na kumueleza mama yake kila kitu alichokiona njiani. Siku moja alirudi na Lingala mdomoni, kidogo kidogo, kisha kama mvua. Sasa ndiye anayemtafsiria mama yake sokoni, tena anapandisha bei ya ndizi mwenyewe.

Mvulana hakurudi na kitu. Tulisema ni baridi ya ugeni tu. Tulisema alisikia risasi. Tukasema pia kwamba wavulana huchelewa. Mwaka ukapita, na bado ukimwambia, "Chukua sahani, weka mezani, kisha uite dada yako," alichukua sahani akasimama nayo, anakuangalia. Watoto wa kiwanja wakampa jina la ubaya ambalo sitaliandika hapa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nilimwita shemeji, nikamwambia kwa sauti ya mkubwa wa nyumba: "Shemeji, luga ni mingi sana kwa huyu mutoto. Uache Kiswahili. Umusemeshe Lingala tu." Mwalimu mmoja alikuwa amesema vilevile, na munganga mmoja pia. Shemeji hakubisha, na angebisha namna gani? Yuko katika nyumba ya wakwe, anakula chakula chetu, na mimi ndiye kaka ya bwana wake.

Lakini Lingala ya shemeji ni ya kununulia chumvi. Haina hadithi, haina mchezo, haina maneno ya kumtulizia mtoto anayelia usiku. Zamani jioni aliwaambia habari ya kobe na chui mpaka walale. Sasa alisema "yaka", "lia", "lala", njoo, kula, lala, na basi. Nilitaka kumpunguzia mtoto lugha moja, na kumbe nilimwondolea mama yake. Jambo hili nililiona kwa macho yangu karibu miezi minne, na sikulielewa.

Nililielewa Kisangani, nilipokwenda kwa kazi nikaongea na munganga mwingine anayetunza watoto. Nilimweleza kwa urefu jinsi mtoto anavyoshindwa Lingala. Akanisikiliza, kisha akauliza: "Na kwa Kiswahili, anasema namna gani?" Nikakosa jibu. Mwaka mzima nilikuwa nampima kwa lugha aliyoikuta juzi, na ile aliyozaliwa ndani yake sikuwahi hata kuisikiliza.

Akanieleza hivi, nami nawapa kama nilivyopewa. Lugha mbili hazimharibu mtoto, wala tatu hazimharibu. Mtoto aliye mgeni katika lugha anaweza kunyamaza miezi mingi, lakini ile lugha ya kwanza inabaki hai nyumbani: anauliza, anagombana, anasema uongo wake wa kitoto. Mtoto mwenye shida ya lugha yenyewe, shida inamfuata katika kila lugha yake. Haiwezi kukaa katika Lingala peke yake, ikaacha Kiswahili kizima.

Kumbe hata huko mbali waliwahi kukutana na jambo hili. Kanada, kwenye watoto wa wahamiaji kutoka nchi nyingi, mtaalamu Johanne Paradis na wenzake walichapisha mwaka 2010 maswali ya kumuuliza mzazi, si juu ya Kiingereza cha mtoto, bali juu ya lugha ya nyumbani: alianza kusema lini, sasa anaisemaje, na kama kuna mtu wa ukoo aliyepata shida hiyo. Na Uingereza, katika eneo la Surrey, uchunguzi uliotoka 2016 ulikuta kwamba katika kalasi ya watoto 30 wanaoanza shule, karibu 2 wana shida ya lugha ambayo haikuletwa na ugonjwa mwingine. Sasa hesabuni kalasi zetu, ninyi mnaojua zinabeba watoto wangapi.

Niliporudi Basoko nilimwomba shemeji msamaha. Alicheka kidogo, akafuta macho, na jioni ile kobe na chui wakarudi ndani ya nyumba. Nikakaa karibu nikisikiliza, mara ya kwanza kwa masikio ya kweli. Msichana alikatiza hadithi kila wakati. Alichanganya, ndiyo: "Mama, mbisi iko wapi?" Lingala imeingia katika Kiswahili kwa sababu samaki wake anamjua kwa jina la hapa. Lakini sentensi imesimama. Sisi wakubwa tunachanganya hivyohivyo kwenye toleka na kwenye baraza, na hakuna anayetupeleka hospitali. Kwa mtoto mdogo unahesabu maneno ya lugha zote pamoja: aliyejua "kuku" kwa Kiswahili na "mbisi" kwa Lingala ana maneno mawili, hana nusu mbili.

Mvulana, huyu wa miaka sita sasa, alisema, "Chui... kula... ile kitu." Hakuna "alikula", hakuna "atakula". Kwa Lingala vilevile: "ngai kolia". Mtoto wa miaka miwili akisema hivyo ni kawaida kabisa. Wa miaka sita, ambaye kila siku ya maisha yake alisikia Kiswahili cha mama, hapana. Na jina la kitu alichokiona asubuhi linamkimbia, anaonyesha kwa kidole.

Mama yangu alikuwa anachambua sombe pale pembeni. Akasema, bila kuinua kichwa, "Baba yake pia. Umesahau? Yeye alisema akiwa na miaka mine." Nilikuwa nimesahau kabisa. Mdogo wangu, ambaye tulimcheka utoto mzima, aliyetolewa shule akiwa kalasi ya tatu kwa sababu walisema kichwa chake ni kigumu. Leo anabeba magunia. Mambo hayo hutembea katika ukoo, ndivyo alivyosema yule munganga, na mimi sikuwa nimeyaunganisha.

Kitu cha kwanza kilikuwa masikio. Kabla ya kusema lolote juu ya lugha, masikio lazima yaangaliwe: usaha unaorudirudi, malaria kali, homa ya uti wa mgongo, vyote vinaweza kuacha mtoto asisikie vizuri, na mtu akafikiri ni mkaidi. Masikio ya huyu wetu yalikutwa mazima. Kuhusu hofu, msiipuuze, ninyi mliotoka penye risasi: kuna watoto walionyamaza baada ya yale waliyoona. Mtoto aliyekuwa anasema vizuri halafu maneno yakapotea, wa umri wowote, huyo msimngojee akue, mpelekeni mara moja. Vilevile aliyefika mwaka mmoja na nusu bila neno hata moja, na aliyefika miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili kama "mama maji", katika lugha yoyote ya nyumbani.

Hapa Basoko mimi sijakutana na mtaalamu wa usemi, yule wanayemwita ortofonisti kwa Kifaransa. Kwa hiyo tunafanya tunachoweza. Shemeji anamsemesha Kiswahili chake chote, polepole, akitaja kile mikono inachofanya: ninaosha, umeosha, tutaosha. Mtoto akisema "kula ndizi", hamkaripii. Anajibu tu, "Ndiyo, unakula ndizi," na kumngojea. Mimi na mama tunambebesha Lingala vivyo hivyo. Mwalimu wake mpya amekubali kumketisha mbele na kumwagiza jambo moja kwa wakati mmoja. Jina lile la ubaya nimelikataza kiwanjani, ingawa sina hakika linakatazika nikiwa sipo.

Munganga wa Kisangani aliomba tumletee daftari: kurasa upande huu Kiswahili, upande huu Lingala, na kila wiki tuandike sentensi ndefu kuliko zote alizosema. Dada yake ndiye anayetukumbusha, kwa sababu yeye husikia kila kitu. Balenyere itapanda wiki ijayo, shemeji na mvulana watakuwa ndani, na mdogo wangu atawapokea bandarini. Nimemwambia kwa simu kwamba yeye pia ataulizwa maswali juu ya utoto wake. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama ni lazima aje na nguo safi.

Sentensi ya mwisho katika daftari, upande wa Kiswahili, ni ya Jumapili: "Mama, chui amekula kobe?"