Hanania Alisema Miaka Miwili



Yeremia 29:11 iko kila mahali. Iko ukutani sebuleni, iko kwenye kalenda, iko nyuma ya matatu, na wengi wenu mmeiweka kwenye status. Ni ahadi nzuri kwamba Mungu anatuwazia mema na kwamba kesho yetu ina tumaini. Naipenda sana. Lakini leo nakuomba usome mstari wa juu yake, ule wa 10. Hapo Mungu anawaambia mateka walioko Babeli kwamba atawarudisha nyumbani baada ya miaka 70. Sabini, mpendwa! Mtu aliyekuwa na miaka 40 siku hiyo alijua kwamba yeye atazikwa Babeli. Ahadi ya mstari wa 11 walipewa watu waliokuwa na safari ndefu mbele yao.

Sasa rudi nyuma sura moja. Katika Yeremia 28 kuna nabii anaitwa Hanania, mwana wa Azuri, kutoka Gibeoni. Alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwa jina la Bwana kwamba ndani ya miaka miwili mateka watarudi na vyombo vya hekalu vitarudi. Akaichukua nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, akaivunja watu wakiona. Hebu fikiria shangwe ya siku hiyo!

Jiulize, wewe ungemwamini nani? Ndugu yako yuko utumwani, hali ni ngumu, na mbele yako wako watumishi wawili. Mmoja anasema miaka miwili, mwingine anasema sabini, na wote wanasema wametumwa na Bwana. Yeremia mwenyewe aliitikia Amina! Soma mstari wa 6. Alitamani iwe kweli. Lakini kutamani jambo hakulifanyi kuwa neno la Mungu. Baadaye Mungu alimtuma kwa Hanania na kumwambia kwamba nira ya mti aliyoivunja mahali pake imewekwa ya chuma. Hanania alitabiri mwezi wa tano. Mwezi wa saba wa mwaka huo huo alikufa.

Mpendwa, fundisho la uongo halikufuati siku umeshiba. Linakuja unga umeisha, karo haijalipwa, landilodi anabisha, na kijana uliyemsomesha amekaa nyumbani miaka mitatu bila kazi. Linakuja na Biblia mkononi, tena linakupa tarehe. Mwezi huu! Kabla ya siku saba!

Mama mmoja wa ushirika wetu alinitumia ujumbe majuzi. Alikuwa amesikia mhubiri redioni akisema kila mwenye mtoto asiye na kazi atume mbegu ya shilingi elfu moja, mlango utafunguka kabla mwezi kuisha. Elfu alikuwa nayo, lakini ndiyo iliyokuwa ya chakula cha wiki. Akaniuliza, "Pastor, si hata yule mjane wa Sarepta alitoa unga wake wa mwisho?"

Ni swali zuri, na nilimjibu hivi: Ndiyo, mama, alitoa. Soma 1 Wafalme 17. Lakini uone Eliya alifanya nini baada ya kula. Alikaa katika nyumba ile. Alikula kutoka kwenye pipa lile lile, siku baada ya siku. Mtoto wa mjane alipokufa, Eliya ndiye aliyembeba mikononi mwake na kumlilia Mungu. Huyo wa redioni hajui hata jina lako. Mlango usipofunguka hatakuja kukaa nawe. Atasema imani yako ilikuwa ndogo, halafu ataomba mbegu nyingine.

Sisemi usitoe sadaka. Mungu hupendezwa na anayetoa kwa moyo. Ninachosema ni kwamba Mungu haweki bei kwenye muujiza.

Na jambo hili si la pesa peke yake. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Ilitolewa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo. Wale walikuwa watu wa kuomba kama wewe na mimi. Fundisho lililowafikisha pale liliwaambia kwanza kwamba shule ni mbaya na hospitali ni mbaya. Mwisho likawaambia wasile, ili wakamwone Yesu. Hiyo nayo ilikuwa njia ya mkato ya kutoka kwenye dunia yenye shida.

Linganisha na barua ambayo Mungu aliwapelekea mateka kupitia Yeremia. Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuzaa, wauombee amani mji wa wageni walimokaa. Walikuwa kwenye shida, naye akawaambia waishi. Katika mstari wa 8 akawaonya wasidanganywe na manabii waliokuwa kati yao. Kati yao, si mbali.

Kwa hiyo ukisikia neno wakati huu mgumu, lipime. Je, limesomwa pamoja na mistari ya juu na ya chini, au limekatwa? Je, linakutuma kazini, shambani, kliniki na kwa familia yako, au linakutenga nao? Likikosa kutimia, nani anabeba lawama? Na mtu akikuambia uache dawa za presha, za kisukari au ARV kwa sababu umeombewa, usimfuate, hata kama anaitwa nabii. Omba, na dawa umeze.

Nipime na mimi pia. Watu wa Beroya walimpima Paulo kwa Maandiko kila siku, na Matendo 17:11 inawasifu kwa hilo. Mchungaji anayekasirika ukifungua Biblia kumhakikisha, huyo mwogope.

Huenda hali yako haitabadilika mwezi huu. Sitakudanganya. Lakini Mungu aliyekuwa na watu wake Babeli miaka yote ile hajakuacha. Leo usiandike Amina tu hapo chini ukapita. Jioni keti na watu wa nyumba yako, msome Yeremia 28 na 29 zote mbili. Na kama unga umeisha, usione haya. Nipigie mimi au mzee wa ushirika wako. Kanisa lipo kwa ajili hiyo.

Bwana akupe macho ya kuona na nguvu za kungoja. Ubarikiwe.